Kusomea biashara Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia fomu ya maombi hadi cheti cha stashahada

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu hainyamazi. "Kaka, nimepata divisheni foo, nina D nne na C moja, biashara naweza kusoma?" Unaweza. Swali linalofuata ndilo huwa halijaulizwa: utasoma nini hasa, wapi, na utafaulu vipi somo la hesabu ambalo linawarudisha nyumbani vijana wenye matokeo mazuri kuliko yako?

Mimi nilianzia astashahada, nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya uhasibu muhula wa kwanza, nikainuka, nikamaliza stashahada. Yaliyo hapa chini ni yale ambayo ningependa mtu aniambie nilipokuwa nimekaa stendi na begi langu.

Kwanza, jua unapanda ngazi ipi

Elimu ya aina hii inasimamiwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Ngazi zake zinaitwa NTA. Namba 4 ni astashahada ya awali, namba 5 ni astashahada, namba 6 ni stashahada, yaani diploma. Ukiendelea, namba 7 ni stashahada ya juu na 8 ni shahada.

Aliyemaliza kidato cha nne huanzia NTA 4, akiwa na ufaulu wa angalau D nne bila kuhesabu masomo ya dini. Mwaka mmoja anamaliza ngazi hiyo, kisha miaka miwili ya stashahada. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na prinsipo moja na sabsidiari moja anaruka mwaka ule wa kwanza. Baadhi ya fani huongeza masharti yake, kwa mfano D ya Hisabati au Kiingereza, kwa hiyo soma sifa za kozi yenyewe na si za chuo kwa ujumla.

Kila ngazi ina krediti 120, na krediti moja imepigiwa hesabu ya saa 10 za kusoma. Hiyo ni saa 1,200 kwa mwaka, na saa za darasani ni sehemu tu ya hizo. Zilizobaki zinakudai wewe, geto kwako, jioni umeme ukiwepo na hata ukikatika.

Kuchagua fani

Vijana wengi hujaza "usimamizi wa biashara" kwa sababu jina lenyewe linasikika kubwa. Si kozi mbaya, ila ni pana kama mbuga za Bahi wakati wa masika: ukiingia bila kujua unakokwenda utazunguka. Inamfaa mwenye biashara tayari, au mwenye mpango wa kuifungua.

Uhasibu unahitajika kila mahali, kuanzia saccos ya kijijini hadi wizarani. Kwa wahasibu kuna bodi yao, NBAA, yenye mitihani ya ngazi ya fundi hesabu ambayo unaweza kuanza kuifikiria ukiwa bado chuoni.

Ununuzi na ugavi ndiyo fani ambayo kwa Dodoma ya leo ningemshauri mdogo wangu aiangalie mara mbili. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, na wizara kujipanga pale Mtumba, kazi za zabuni, stoo na mikataba zimesogea mlangoni kwetu. Ununuzi wa umma sasa unapita kwenye mfumo wa serikali wa mtandaoni, NeST, ulioanza kutumika 2023, na mzabuni mdogo wa Nkuhungu asiyeujua mfumo huo anamtafuta anayeujua. Fani hii nayo ina bodi, PSPTB, na sheria inataka mtaalamu wa ununuzi asajiliwe huko.

Masoko inamfaa mwenye mdomo na jicho. Mkoa una zabibu, alizeti, karanga, na soko la nafaka la Kibaigwa ambako malori hupakia mahindi kwenda mbali. Kazi ya kuuza ipo. Shida ni kwamba waajiri wengi wa hapa bado wanadhani afisa masoko ni mtu wa kugawa vipeperushi.

Kuchagua chuo

Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965 na kampasi yake ya Dodoma ikaanza 1983. Hicho ndicho wengi hukitaja kwanza, na hakiko peke yake. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kina kozi zinazogusa fedha na uwekezaji kwa jicho la maendeleo. Chuo cha Serikali za Mitaa, kule Hombolo, kinafundisha uhasibu na fedha za halmashauri. Ukitaka kazi ya halmashauri, huko unasoma kile kile utakachokikuta mezani. Ukiwa upande wa Singida, Taasisi ya Uhasibu, TIA, ina kampasi pale. Na kuna vyuo binafsi, vizuri na vibovu.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ingia kwenye tovuti ya NACTVET utafute chuo hicho. Angalia vitu viwili: usajili wa chuo, na ithibati ya kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, lakini kozi wanayokunadi stendi haijaruhusiwa. Rafiki yangu mmoja alisoma mwaka mzima kozi ya namna hiyo. Alipokwenda kujiunga na ngazi inayofuata mahali pengine, matokeo yake hayakuonekana kwenye mfumo. Mwaka ukaenda, ada ikaenda, na mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili.

Maombi na makaratasi

Kozi za biashara unaomba moja kwa moja chuoni, kwa mtandao. Dirisha kubwa ni la kuanza masomo Septemba au Oktoba. Vyuo vingi hupokea pia kundi la Machi kwa ngazi ya astashahada.

Ada ya maombi lipa kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, ile tunayoiita kontroo namba kwa vyuo vya serikali. Mtu akikuambia umtumie kwenye simu yake "ili akuwahishie nafasi", mwache aendelee na safari yake.

Jambo dogo linaloumiza watu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Mazengo, cheti cha kidato cha nne kinasema Neema M. Chilewa, NIDA kuna la tatu. Rekebisha sasa, kwa hati ya kiapo au kwa njia utakayoelekezwa na ofisi husika, kabla jina halijaingia kwenye mfumo wa mitihani. Mwaka wa tatu ukigundua, utazunguka ofisi wakati wenzako wanapiga picha na majoho.

Pesa

Usipange maisha yako juu ya bumu, yaani pesa ya mkopo wa serikali. Mikopo ya ngazi ya stashahada ilianza kutolewa na Bodi ya Mikopo mwaka wa masomo 2023/24, na imelenga fani za kipaumbele. Soma mwongozo wa mwaka wako uone kama fani yako imo. Kama haimo, hesabu zako ziwe za mzazi, mjomba, na mikono yako mwenyewe.

Vyuo vingi huruhusu ada kwa awamu. Andika tarehe za awamu hizo ukutani, kwa sababu asiyekamilisha huzuiwa chumba cha mtihani, na mlinzi wa mlangoni hana cha kukusaidia. Geto lina hesabu yake: wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na kodi za mji huu zilipanda watumishi walipohamia. Chumba cha mbali kinaonekana rahisi mpaka ujumlishe nauli ya daladala kwenda na kurudi, siku tano, wiki kumi na kitu. Jumlisha kwanza. Ukiona tofauti ni ndogo, kaa karibu na chuo, ule muda wa barabarani usomee.

Uhasibu: hapa ndipo watu wanaanguka

Nitakaa hapa kidogo.

Sapu yangu niliipata kwa sababu nilikariri. "Debiti kinachoingia, krediti kinachotoka," tukaimba darasani kama mchakamchaka. Swali likabadilika kidogo, wimbo ukagoma. Nilikuja kuelewa likizoni, kwenye kibanda cha mama mdogo anayeuza karanga sokoni. Nilichukua daftari la kurasa 48 nikaanza kuandika biashara yake. Namba hizi nimezirahisisha, ila njia ndiyo ile ile.

Tarehe 1 anaanza na taslimu 300,000. Pesa imeongezeka kwenye kibindo: debiti taslimu 300,000. Imetoka wapi? Kwa mwenye biashara: krediti mtaji 300,000.

Tarehe 2 ananunua karanga za 180,000 kwa taslimu. Debiti manunuzi 180,000, krediti taslimu 180,000.

Tarehe 4 anauza karanga za 95,000. Za 75,000 amelipwa papo hapo, za 20,000 amekopesha mama ntilie wa jirani. Debiti taslimu 75,000, debiti wadaiwa 20,000, krediti mauzo 95,000. Angalia vizuri: mauzo ni 95,000 ingawa mkononi zimefika 75,000. Mtihani unapenda kukutega hapa.

Tarehe 5 anachomoa 10,000 za daftari la mtoto. Hayo si matumizi ya biashara. Debiti matumizi binafsi 10,000, krediti taslimu 10,000.

Sasa funga. Taslimu: 300,000 toa 180,000, ongeza 75,000, toa 10,000, inabaki 185,000. Tengeneza urari, yaani orodha ya salio zote, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili. Upande wa debiti: taslimu 185,000, manunuzi 180,000, wadaiwa 20,000, matumizi binafsi 10,000. Jumla 395,000. Upande wa krediti: mtaji 300,000, mauzo 95,000. Jumla 395,000. Imekaa.

Nikamuuliza, "Mama mdogo, umepata faida ngapi?" Akahesabu noti, akasema hakuna faida, ni hasara tupu, maana alianza na laki tatu na sasa ana laki moja na themanini na tano. Tukapima karanga zilizobaki, kwa bei aliyonunulia zilikuwa za 110,000. Maana yake alizouza zilimgharimu 70,000, akauza 95,000. Faida ghafi 25,000. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hela zangu zimelala kwenye gunia." Mwalimu wangu alikuwa ametumia wiki tatu kueleza jambo hilo.

Basi fanya hivi. Tafuta biashara moja halisi: genge, kibanda cha miamala ya simu, bodaboda ya kaka yako. Iandike kila siku kwa mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi tengeneza urari, hesabu ya faida na hasara, na mizania, yaani orodha ya mali, madeni na mtaji wa biashara. Urari ukigoma, usitazame majibu. Gawanya tofauti kwa mbili: ukipata namba iliyomo kwenye daftari, huenda umeiandika upande usio wake. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, huenda umegeuza tarakimu, umeandika 54 badala ya 45. Halafu daftari hilo hilo lihamishie Excel, uache mashine ijumlishe. Utakuwa umesoma uhasibu na kompyuta kwa pigo moja.

Kiingereza cha mtihani

Tuseme ukweli: wengi wetu hatufeli biashara, tunafeli swali. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kilichochanganywa, tunaelewa, tunacheka. Karatasi inakuja Kiingereza kitupu.

Chukua mitihani iliyopita ya chuo chako, pigia mstari kitenzi cha kila swali. "State" anataka utaje, sentensi moja yatosha. "Explain" anataka sababu. "Distinguish" anataka tofauti, nukta kwa nukta, na ukieleza kila kitu kivyake umepoteza alama. "Discuss" anataka pande mbili na msimamo wako. Tengeneza daftari dogo la istilahi: upande mmoja neno la darasani, upande wa pili maana kwa Kiswahili chako na mfano wa sokoni. Uchakavu wa mali, kwa mfano, mimi niliuandika kwa bajaji: imenunuliwa kwa pesa hii, itafanya kazi miaka mitano, kila mwaka inakula sehemu yake ya bei.

Madesa ya mwaka jana, zile noti na majibu tunayorithishana, yasome, lakini usiyaamini. Nimeona desa lenye jibu bovu likizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa miaka mitatu, kila darasa linalifelia kwa zamu.

Kozi waki, sapu na kazi za kundi

Mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Uliza wa chuo chako wiki ya kwanza. Hizo 40 ndizo rahisi, na ndizo zinazochezewa. Anayeingia chumba cha mtihani na 32 kati ya 40 anatafuta alama kidogo tu; mwenye 17 anapanda mlima. Vyuo huweka pia kiwango cha chini cha kozi waki cha kukuruhusu kukaa mtihani.

Kwa NTA 4 na 5, C huanzia alama 50. Ukipata sapu usijifiche. Nenda uone karatasi yako kama utaratibu unaruhusu, ujue ulikosea dhana au hesabu. Yangu niliiona: swali moja la alama 20 nilikuwa nimeliruka kwa sababu nilianza na lililonishinda nikatumia nalo dakika hamsini. Tangu siku hiyo nagawa dakika kwa alama kabla sijaandika herufi.

Kazi za kundi ni mtihani wa uvumilivu. Kundi la watu saba, wanafanya wawili, wanasaini saba. Andikeni siku ya kwanza nani anafanya sehemu gani, mtume kwenye kundi lenu la WhatsApp ili iwe kumbukumbu. Na usikubali kuwa "wa kuchapa" kila mara. Siku ya kuwasilisha, mwalimu atakuuliza wewe maana ya ulichochapa.

Fildi

Wiki za mafunzo kwa vitendo ndizo zitakazokupa cha kusema kwenye usaili. Anza kuomba mapema, miezi miwili kabla, kwa barua ya utambulisho ya chuo. Wote wanakimbilia wizarani. Wewe peleka barua pia kwenye saccos, kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, hospitali, wauza pembejeo, ofisi ya kata. Mahali padogo utashika kazi. Mahali pakubwa unaweza kumaliza wiki nane ukitoa fotokopi.

Mimi nilipangiwa stoo. Wiki ya kwanza nilipewa kiti na gazeti. Wiki ya pili nikamwomba mtunza stoo, mzee mmoja mpole, "Shikamoo mzee, naomba nihesabu karatasi nilinganishe na leja." Akacheka, akaniruhusu. Leja ilisema rimu 64, rafu ilikuwa na 57. Tulitafuta siku nzima. Rimu saba zilikuwa zimetoka kwa fomu ambayo haikuingizwa kwenye leja, imebaki katikati ya faili la mwezi uliopita. Tangu hapo gazeti sikupewa tena. Niliandika tukio hilo lote kwenye logi buku, daftari la kazi za kila siku za fildi: tatizo, tulivyotafuta, tulichokuta, utaratibu uliowekwa. Msimamizi kutoka chuoni alipokuja, hilo tu ndilo aliloniuliza.

Logi buku ijaze kila siku jioni. Anayeijaza yote usiku wa kuamkia ukaguzi anajulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, kila siku "nilisaidia kazi za ofisi". Na usiandike siri za ofisi, mishahara wala majina ya wateja.

Kabla hujaondoka chuoni

Ukitaka shahada, mwenye stashahada hutakiwa kuwa na GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0 na ufaulu wake wa kidato cha nne, na baadhi ya kozi hudai zaidi. Utahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, unayoiomba NACTVET. Namba hiyo hutoka pale chuo kinapokuwa kimepeleka matokeo yako, kwa hiyo fuatilia kwa ofisi ya taaluma mara matokeo ya mwisho yanapopitishwa. Kila mwaka kuna watu wenye GPA nzuri dirisha la shahada linafungwa wakiwa wanaisubiri.

Ukitaka ajira ya umma, fungua akaunti Ajira Portal na upakie vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Ukitaka kujiajiri, jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao, TIN, yaani namba ya mlipakodi, inatolewa TRA, leseni halmashauri. Ipo pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa zaidi kwa vikundi vilivyosajiliwa, na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kuanza naye. Nenda kwake ukiwa na hesabu za miezi mitatu zilizoandikwa vizuri. Lile daftari la karanga nililitumia hivyo, kwa kikundi cha mama mdogo, na afisa alilifungua ukurasa kwa ukurasa kabla hajauliza chochote.

Siku ya kuchukua cheti, kikague kabla hujasaini: jina, fani, ngazi, mwaka. Hapo hapo, kwenye kaunta.